Rangi ya Gitaa Jipya la Bei Kubwa: Ipi ni Kasoro, Ipi ni Alama ya Mkono

Gitaa lilifika kwangu Jumamosi mchana likiwa ndani ya kasha lake gumu jeusi, na mwenyewe hakukubali kulifungua mpaka aliponiona nimenawa mikono na kuifuta. Mgongo ulikuwa wa mahogani, uso wa mepo yenye mawimbi (ule mti wa nchi za baridi ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada), rangi nyekundu iliyoiva kama divai, na utepe wa plastiki wa rangi ya maziwa umeuzunguka uso wote. Dada yake aishiye Uingereza alilinunua huko kwa zaidi ya pauni 2,000, akaja nalo Dar es Salaam alipokuja likizo. Siku mbili za kwanza kijana alilipiga tu. Siku ya tatu aliliweka chini ya taa ya kusomea, akaanza kulikagua, na raha ikaishia hapo. "Fundi, niambie ukweli," alisema. "Nimepigwa?"

Alikuwa amehesabu mambo manne. Karibu na pembe ya mwili, wekundu ulikuwa umeingia kwenye utepe mweupe ukaacha kivuli cha waridi. Nyuma ya daraja, kile kipande kinachozishikilia nyuzi mwilini, palikuwa na kitundu kidogo kama ncha ya sindano. Ukiinamisha mwili kwenye mwanga, mgongo mzima ulionyesha mikwaruzo ya mviringo, myembamba kama utando wa buibui. Na kwenye ukingo wa mgongo, mahali unapoegemea mbavu, palikuwa na sehemu iliyopauka, ndogo kama punje ya mchele. Lilikuwapo na jambo la tano ambalo yeye hakuwa ameliona, nami sikumwambia papo hapo.

Kabla ya kuhamia kwenye ala za muziki nilipuliza rangi za magari kwa miaka kadhaa, na somo moja la gereji halijawahi kuniacha: alama iliyo juu ya rangi haisomeki mpaka ujue ni rangi ya aina gani, na alama hiyo iliingia katika hatua ipi ya kazi. Alama mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na uzito tofauti kabisa, moja ikawa urembo ulioharibika kidogo, nyingine ikawa mlango wa unyevu kuingia kwenye mbao. Bei haitoi jibu hilo. Tena bei huchanganya zaidi, kwa sababu gitaa la dola 400 lililotoka kwenye kiwanda kikubwa cha Asia mara nyingi lina uso safi kuliko la dola 4,000 lililopulizwa na kukwanguliwa na mtu kwa mkono. Anayelipa pesa nyingi hudhani ananunua uso usio na alama. Kwa sehemu kubwa anachonunua ni saa za kazi ya mikono, na mikono huacha alama.

Tuanze na rangi zenyewe. Magitaa mengi ya umeme leo hupakwa moja ya aina tatu: laka ya nitroselulosi, ambayo wanamuziki huiita nitro kwa kifupi, poliuretani, au poliesta. Nitro ndiyo ya zamani. Hutokana na selulosi ya mimea iliyotiwa asidi ya nitriki, na ni ndugu wa karibu wa ile pamba ya baruti iliyotumika kwenye mizinga, ndiyo maana vyumba vya kuipulizia hulindwa sana dhidi ya cheche. Hukauka kwa njia moja tu: thina iliyomo huruka hewani, na kinachobaki ni ngozi ngumu. Hakuna mmenyuko wa kikemia unaoifunga, kwa hiyo hata baada ya miaka 50 ukiigusa kwa thina italainika tena. Poliuretani na poliesta ni kabila jingine. Huchanganywa na kigumishi, au poliesta nyingine humulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, molekuli zikashikana, na zikishashikana hazirudi kuwa majimaji.

Tofauti hiyo moja huzaa karibu tofauti zote nyingine. Kwa kuwa koti jipya la nitro, yaani tabaka moja la rangi, huyeyusha kidogo koti la chini yake, makoti yote huungana kuwa kitu kimoja, na tone la laka likidondoshewa kwenye shimo miaka mingi baadaye litaungana na la zamani hata usione mpaka. Lakini kwa sababu hiyohiyo, nitro haimalizi kukauka siku ile inapotoka kiwandani. Huendelea kupungua kwa wiki na miezi, ikizama polepole kwenye vinyweleo vya mbao. Gitaa la mahogani lililotoka likiwa kama kioo linaweza, baada ya miezi sita, kuonyesha mistari midogo ya vinyweleo chini ya mwanga wa pembeni, bila mtu yeyote kukosea. Poliesta hupakwa nene, hujaza kila shimo, na hubaki ilivyo. Ikimeguka, humeguka kama sahani, na kiraka chake huonekana kwa sababu koti jipya hukaa juu ya la zamani bila kuungana nalo, likaacha mstari mwembamba kama ufuo.

Wenzangu wa gereji watafurahi kujua kwamba nitro ya magitaa ya Marekani ilipitia kwetu. Kampuni ya DuPont iliingiza laka yake ya Duco kwenye magari katika miaka ya 1920, na kazi ya rangi iliyochukua wiki ikawa ya saa chache. Bwana Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni ya magitaa ya Fender, alipoanza kuuza magitaa ya rangi maalumu huko Fullerton, California, hakubuni rangi mpya; alichagua kutoka kadi za rangi za magari. Fiesta Red ya gitaa lake la Stratocaster ni rangi ya Ford Thunderbird, na Lake Placid Blue ni ya Cadillac. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Fender ilihamia poliesta, na mpaka leo wapo wapigaji wanaolalamikia unene wa rangi za miaka ya 1970. Kampuni ya Gibson, iliyoanzia Kalamazoo, Michigan, mwaka 1902 na sasa iko Nashville, Tennessee, imebaki na nitro kwa magitaa yake mengi. Mjadala kwamba laka nyembamba huliacha gitaa la umeme "lipumue" nitauruka. Pikapu, vile vipokezi vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi, husoma mtikisiko wa nyuzi za chuma, na tofauti ya sehemu ya milimita kwenye rangi ya mwili si kitu ambacho ningemwambia mtu alipie.

Kijana wangu alikuwa na nitro, kwa maandishi ya kampuni yenyewe. Zipo njia za kupima, kama kugusisha pamba yenye asetoni, kiyeyusho kikali, ndani ya shimo la pikapu, mahali pasipoonekana, ukaona kama rangi inalainika, lakini sioni kwa nini umwagie asetoni gitaa la pauni 2,000 wakati karatasi yake inakueleza.

Kabla ya kuzihukumu zile alama nne ilibidi tukubaliane namna ya kutazama, kwa maana nusu ya ugomvi wote wa rangi hutokana na taa. Taa ya kusomea iliyo karibu, na mbaya zaidi kamera ya simu iliyosogezwa mpaka kitu cha nusu milimita kikajaa kioo, zinaweza kulifanya gitaa lolote duniani lionekane takataka. Mimi hutazama mara tatu. Kwanza kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, kwenye mwanga wa mchana wa dirishani, kama vile mmiliki atakavyoliona kila siku. Kisha nazima taa nyingine na kuacha taa moja ndefu ya tyubu, nikaligeuza gitaa polepole huku nikifuata mng'ao wa tyubu unavyotembea juu ya uso. Mng'ao ukienda ulionyooka, uso umesawazishwa vizuri. Ukitetemeka kama ganda la chungwa, laka haikupigwa msasa vya kutosha. Ukipinda ghafla mahali pamoja, hapo pana bonde, mchirizi au kiraka. Mara ya tatu ni kwa tochi iliyolazwa pembeni, na hii naitumia tu pale ambapo mara mbili za mwanzo zimeniambia pana jambo. Dosari inayoonekana kwa tochi peke yake sihesabu kuwa dosari ya sura, ingawa inaweza kuwa dalili ya kitu kingine. Baada ya macho kuna kucha: ukipitisha ukucha taratibu juu ya alama na ukanasa, kuna mpasuko au shimo kwenye laka; usiponasa, alama iko chini ya laka na imefunikwa.

Sasa ile punje ya mchele iliyopauka. Ndiyo iliyomuumiza zaidi, naye alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu ndiyo aina ya dosari inayotaka kusomwa kwa makini kuliko zote. Laka ikiwa bado majimaji hukimbia ncha kali. Mvutano wa uso wake huivuta kutoka kwenye ukingo kuelekea pande tambarare. Kwa hiyo hata fundi mwenye mkono mwepesi huacha koti jembamba zaidi kwenye kingo. Baada ya kukauka, gitaa hupigwa msasa wa maji ili kuondoa ganda la chungwa, kisha husuguliwa kwenye gurudumu la kitambaa lenye kompaundi, ile dawa ya kupolishia, mpaka ling'ae. Msasa na gurudumu hukutana na ukingo kabla ya kukutana na kitu kingine chochote, na hapo ndipo msasa hula rangi, palepale ambapo ilikuwa nyembamba tangu mwanzo. Kitu cha kuuliza ni je, uliila lini?

Ukiwa uliila mwanzoni, rangi ilipokuwa bado haijafunikwa kwa makoti ya laka isiyo na rangi, sehemu hiyo itakuwa imepauka lakini inang'aa sawa na jirani zake, na ukucha utateleza juu yake. Mbao ziko salama, kilichopungua ni wekundu. Ukiwa uliila mwishoni, kwenye msasa wa maji au kwenye gurudumu, basi makoti ya juu yote yameondoka hapo, sehemu imepauka na imefifia pia, na ukitonesha tone dogo la maji litakolea badala ya kusimama kama shanga. Huo si urembo tena. Jasho la ubavu wa mpigaji litaingia kwenye mbao kupitia hapo, na laka iliyo pembeni itaanza kuinuka. Ya kijana iling'aa, ukucha uliteleza. Nikamwambia kwamba fundi wa rangi alikosea, msimamizi akaona au hakuona, lakini gitaa halitaugua kwa ajili hiyo.

Kivuli cha waridi kwenye utepe kina historia ndefu kuliko anavyodhani. Kwenye magitaa mengi yenye utepe wa ukingoni, rangi hupulizwa juu ya kila kitu, utepe pamoja, kisha mtu huketi na kisu na kuikwangua rangi kutoka kwenye utepe sentimita kwa sentimita, akizunguka pembe zote, kabla ya makoti ya mwisho kuifunika kazi yake milele. Gibson hufanya hivyo kwa mkono. Ukiutazama mstari huo kwa lenzi kwenye gitaa lolote lililofanywa hivyo utauona unayumba, na kwangu mimi kuyumba kwa nusu milimita ni saini ya aliyeshika kisu. Wekundu una tatizo la ziada. Baadhi ya rangi nyekundu huyeyuka kwenye thina ya koti linalofuata na kusafiri nayo, na plastiki nyeupe huzipokea kama kitambaa kinavyopokea juisi ya rosela. Kampuni ya PRS ya Maryland huukwepa utepe kabisa katika magitaa yake mengi kwa kuuacha ukingo wa mepo bila rangi ili uonekane kama utepe, na huko pia rangi inaweza kupenya kufuata nyuzi za mbao ikaacha meno madogo. Kivuli kilicho chini ya laka hakifutiki, wala hakiongezeki kwa kasi ya kumtia mtu hofu. Hapa swali linabaki kuwa la jicho na bei tu: kinaonekana kwa umbali wa mkono? Chake kilionekana, kidogo, ukielekezwa. Ningekuwa ni mimi muuzaji ningepunguza kitu. Ningekuwa mnunuzi ningelinganisha na gitaa jingine la aina hiyohiyo kabla ya kulirudisha hili, maana linaloweza kuja badala yake huenda likawa na utepe msafi na shingo mbovu.

Vitundu vina ukoo mkubwa, na watu huviita vyote kwa jina moja. Kile kilicho mviringo chenye ukingo ulioinuka kama mdomo wa volkano hutokana na silikoni: chembe ya mafuta ya kung'arishia imetua kwenye mbao, na laka imeikimbia pande zote. Mafundi rangi wa magari huyaita macho ya samaki, na kila gereji inayonyunyizia matairi dawa ya kung'aa karibu na chumba cha rangi inayajua kwa machungu. Kitundu kirefu kilicholala kufuata nyuzi za mbao ni kinyweleo kilichozamisha laka. Kwenye mahogani ni jambo la kawaida. Kitundu cha duara chenye ukingo mkali, kisicho na mdomo ulioinuka, ni povu la thina lililopasuka kwa sababu koti lilipulizwa nene mno au likaharakishwa kukaushwa. Cha kijana kilikuwa cha aina hii ya mwisho, kwa kuwa mepo haina vinyweleo vya kuzamisha kitu na mdomo haukuwapo. Tone moja la laka kwenye ncha ya kijiti, wiki mbili za kungoja, msasa laini, kupolishi, na hakuna atakayejua palikuwapo. Kwenye poliesta ningetumia gundi ya superglue kujaza, na ukilitazama kwa tochi ungepaona.

Mikwaruzo ya mviringo haikustahili muda wote alioupa. Ni nyayo za gurudumu la kupolishi, na huondoka kwa kitambaa laini na kompaundi nzuri. Onyo moja tu: ngozi ya nitro iliyopakwa vizuri ina unene wa milimita 0.1 hadi 0.2 hivi, yaani nywele mbili au tatu zikiwekwa juu ya nyingine, na kila unapopolishi unakula sehemu yake. Nimeona magitaa yaliyopolishiwa kila mwezi na wenyewe walioyapenda mno, mpaka mbao zikachungulia.

Kuna dosari nyingine ambazo gitaa hili halikuwa nazo lakini mnunuzi wa pwani yetu azijue. Laka ikipulizwa kwenye hewa yenye unyevu mwingi, thina inaporuka huupoza uso, mvuke hugeuka matone juu yake, na laka huganda ikiwa na ukungu mweupe ndani. Fundi yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa anayepuliza rangi wakati wa masika bila thina ya kukausha polepole ameuona. Kwenye gitaa jipya la kiwandani ukungu wa namna hii hautazamiwi, na ukiuona juu ya rangi nyeusi, lirudishe. Nyufa nyembamba zinazokatiza nyuzi za mbao kama barafu iliyopasuka hutokana na baridi: mbao na laka hazisinyai wala kutanuka kwa kipimo kimoja, na gitaa lililotoka kwenye baridi kali kisha kasha likafunguliwa ghafla kwenye joto linaweza kupasuka laka mbele ya macho yako. Kwa hiyo gitaa lililosafirishwa kutoka nchi za baridi liachwe ndani ya kasha lililofungwa kwa saa kadhaa, hata siku nzima, mpaka lizoee hewa. Na alama iliyolainika, yenye kunata, mahali ambapo gitaa liliegemea stendi ya dukani, ni mpira au vinili ya stendi iliyokula nitro. Hiyo si kosa la kiwanda; ni la aliyelitunza.

Jambo moja huvuruga mizani yote hii, nalo ni kwamba zipo nyufa zinazouzwa. Idara ya kazi maalumu ya Fender ilianza kuuza katikati ya miaka ya 1990 magitaa mapya yaliyochakazwa makusudi, rangi imemenywa na chuma kimetiwa kutu, na Gibson ina karakana yake ya Murphy Lab ambako laka hupasuliwa kwa ustadi ili gitaa la mwaka huu lionekane limeishi tangu 1959. Haya hugharimu zaidi ya yale yasiyo na nyufa. Sina ugomvi na anayeyapenda, ingawa nikikumbuka wateja wa magari walivyonitoa jasho kwa mkwaruzo mmoja wa mlangoni huwa nacheka peke yangu. Linalotuhusu hapa ni kwamba ufa wenyewe haujawahi kuwa kasoro kwa asili yake. Ni kasoro pale ambapo hukuuagiza, au pale ambapo unaendelea kukua.

Hapo ndipo lilipoingia jambo la tano. Kwenye kisigino cha shingo, pale shingo iliyogundishwa inapoingia mwilini, upande wa nyuzi nyembamba, palikuwa na mstari mmoja mfupi. Kijana hakuuona kwa sababu uko mahali pa kiganja, tena kwenye rangi iliyokolea. Kwanza niliufuta kwa kitambaa chenye nafta kidogo, kiyeyusho chepesi cha petroli ambacho hakidhuru nitro, kwa maana kompaundi iliyokaukia kwenye kona hufanana sana na ufa na imewahi kunidanganya. Haukufutika. Ukucha ulinasa kidogo. Nikalaza tochi, nikamwomba asukume kichwa cha gitaa kwa upole, mbele na nyuma, huku mimi nikitazama kwa lenzi kama pande mbili za mstari zinaachana. Seti ya nyuzi za kawaida zikishakazwa huivuta shingo kwa zaidi ya kilo 40 kwa pamoja, usiku na mchana, na kiungo kilichogundishwa vibaya hakiwezi kuficha mzigo huo kwa muda mrefu. Pande mbili hazikuachana.

Mstari kwenye kiungo cha shingo una maelezo mawili. La kwanza ni dogo: vipande viwili vya mbao vyenye nyuzi zinazoelekea pande tofauti husinyaa na kutanuka kila kimoja kwa namna yake, na laka nyembamba iliyopita juu ya mpaka wao hupasuka mahali hapo, hasa gitaa likitoka kwenye hewa kavu ya nyumba zenye hita kuja kwenye unyevu wa Bahari ya Hindi. La pili ni kubwa: gundi haikushika. Macho peke yake hayatofautishi haya mawili siku ya kwanza. Muda ndio unaotofautisha, kwa sababu la kwanza hufika mahali likakoma, na la pili huendelea. Ingekuwa rahisi kusema tungoje tu, lakini kungoja kulikuwa na gharama yake kisheria.

Sheria ya Haki za Walaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inasema wazi kwamba ubora wa kuridhisha wa bidhaa unapimwa, pamoja na mengine, kwa mwonekano na umaliziaji wake na kwa kutokuwa na kasoro ndogondogo, na kwamba bei na maelezo ya bidhaa huzingatiwa katika kipimo hicho. Watu wengi hudhani sheria haijali urembo. Hii inaujali kwa jina lake. Lakini haimlindi mnunuzi kwa kasoro aliyoonyeshwa kabla ya kununua, wala kwa ile ambayo ingepaswa kuonekana ikiwa alilikagua gitaa kabla ya kununua, na ndiyo sababu magitaa ya daraja la pili huuzwa yakiwa yametajwa kuwa hivyo. Haki ya kukataa bidhaa na kurudishiwa pesa zote hudumu siku 30. Baada ya hapo mnunuzi huanzia kwenye kutengenezewa au kubadilishiwa, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya kukabidhiwa, isipokuwa muuzaji athibitishe vingine. Kwa vyovyote haki hizo zilikuwa za dada, aliyenunua, na siku 16 zilikuwa zimeshapita.

Tukakubaliana siku kumi. Sikubandika tepu ya kuweka alama, kwa kuwa gundi ya tepu na nitro haviketi pamoja. Nililaza rula kando ya mstari, nikapiga picha kwa tochi iliyowekwa upande uleule, nikapima milimita 11. Nyuzi ziliachwa zimekazwa. Dada aliandikiwa siku hiyohiyo ili awatumie wauzaji picha zenye tarehe, akiutaja mstari wa kisigino kwanza na utepe baadaye, maana barua inayoanza na vivuli vya waridi husomwa kama malalamiko ya mtu asiyeridhika na kitu. Wakajibu wamepokea na kwamba gitaa lirudishwe ikiwa mstari utaongezeka.

Siku ya kumi nilipima mara tatu, asubuhi, mchana na jioni. Milimita 11. Kijana aliamua kubaki nalo. Kitundu cha nyuma ya daraja tutakijaza akipata wiki mbili za kukaa bila gitaa, jambo ambalo mpaka sasa hajalipata; mikwaruzo ya mgongoni niliitoa kwa dakika 20 huku akisubiri. Ndani ya kasha, chini ya paketi ya nyuzi za akiba, kuna kadi yenye tarehe, kipimo, na mwezi wa kupima tena, ambao niliuchagua uwe Juni, masika yakishapita.